Vita Yangu na Barua za Hongera

Mteja akiingia kibandani kwako akakwambia, “Mimi sijagusa kitu, imejizima yenyewe,” usiitazame kompyuta kwanza. Tazama vidole vyake. Nimefanya kazi hii miaka karibu thelathini, na mpaka nakabidhi funguo za ofisi sikuwahi kukutana na kompyuta iliyojizima yenyewe. Nimekutana na iliyonyweshwa uji wa ulezi. Nimekutana na iliyolaliwa na kuku, na yai bado lina joto. Pale Bangwe niliifungua moja ikatoka ukoo mzima wa mende, kuna babu, kuna wajukuu, kuna mpaka wakwe, na mwenye mashine amesimama pembeni anaapa kwamba jana ilikuwa inafanya kazi vizuri. Huenda alisema kweli. Labda mende ndio walikuwa wanaiendesha.

Nawaandikia nyinyi mnaofungua steshenari siku hizi, meza moja, kompyuta moja, printa ya mkopo, na bango mlangoni limeandikwa “Tunatatua matatizo yote.” Hayo matatizo yote, mkiyachambua, ni mawili: faili halionekani na barua pepe haijafika. Na dawa niliyopewa mimi kwa yote mawili ilikuwa kushuku. Shuku mteja, shuku mashine, shuku mtandao, shuku hata umeme ukirudi haraka kupita kawaida. Nilishuku kila mtu kuanzia Ujiji mpaka Kasulu. Mmoja tu nilimsahau, na huyo ndiye atakayenigharimu kurasa hizi.

Mimi si msomi wa mchana. Kidato cha nne nilisoma jioni, nikiwa mesenja wa ofisi moja mjini Kigoma. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu, na nyumbani binti yangu wa kwanza ndiye aliyenisahihishia hesabu, tena kwa kunigombeza. Nilipofaulu, Ujiji nzima ilijua. Nilihakikisha. Ofisi ilipoletewa kompyuta mbili na watu wakaziogopa kama zina ukoma, mkubwa wetu akasema apewe Shabani, si anapenda kusoma huyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Filomena, mpigachapa mkuu, mwanamke aliyeandika kwa taipureta haraka kuliko mvua inavyopiga bati. Kila asubuhi, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu, alikuwa anaweka kiganja mgongoni mwa kompyuta. Ikiwa baridi, tunaanza kazi. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameitumia kabla yetu, na hapo hanywi mtu chai mpaka ajulikane. “Faili halina miguu, Shabani,” alikuwa ananiambia. “Likihama, kuna mtu kalibeba.” Niliyashika maneno hayo kama dua.

Yalinisaidia mara nyingi, siwadanganyi. Mtu akilia kwamba faili lake limepotea, mimi sikuanza kutafuta faili, nilianza kumhoji. Ulihifadhi kwa jina gani? Nani alikaa hapa baada yako? Uliandikia kwenye flashi ya nani? Tisa kati ya kumi faili lilikuwa hapo hapo, limehifadhiwa kwa jina la faili la mwaka juzi, au liko ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine kama vitumbua kwenye mfuko wa rambo. Nikilipata, mteja ananitazama kama nimemfufua marehemu, nami simkatishi.

Lakini kushuku kuna siku kulinidhalilisha, na sikujifunza. Mkubwa aliniagiza niweke ripoti kwenye flashi iende Kasulu na dereva. Nikaikokota ile picha ya faili iliyokuwa usoni mwa skrini, nikaibandika kwenye flashi, nikamkabidhi dereva kwa mikono miwili. Kasulu wakafungua, hakuna kitu. Flashi ikarudi, ikaenda tena, ikarudi tena. Nikamshuku dereva. Nilisema anaiweka mfuko mmoja na ugoro, nilisema ameilowesha, na mara ya tatu nilisema kuna mtu anamtumia kutuhujumu. Dereva alikuwa mzee mtaratibu, akaniuliza tu kama nina hakika nilichoweka mle ni faili. Kumbe nilikuwa natuma njia ya mkato, kale kapicha kenye mshale mdogo pembeni, kanakosema faili liko kwenye kompyuta ya Shabani. Yaani nimetuma anwani ya nyumba nikidhani nimetuma nyumba. Tangu siku hiyo, kabla sijampa mtu flashi naangalia ukubwa wa faili. Nanyi fanyeni hivyo. Ripoti ya kurasa arobaini haiwezi kuwa nyepesi kama unyoya.

Mtaniuliza kama nilimwomba dereva radhi. Nilimwambia barabara ya Kasulu ina vumbi sana.

Sasa hongera. Enzi barua pepe zinaanza kushika kasi huku kwetu, nilikuwa na kimeza changu Ujiji, nakaa hapo nikitoka ofisini. Watu hawakuwa na simu za kupangusa. Mtu anakuja, tangazo la kazi linamtaka awe na barua pepe, basi namfungulia. Jina lake, neno la siri langu. Na neno la siri lilikuwa moja kwa wateja wote, maana nilijua watasahau, na walisahau kweli, wengine kabla hawajafika mlangoni. Namba ya simu ya kurejeshea neno hilo ilikuwa yangu. Mtu akitaka kujua kama kajibiwa anakuja kwangu, namfungulia, namsomea, namprintia. Msidhani ni Ujiji tu, steshenari zote za ukanda huu zilifanya hivyo, na nyingine zinafanya mpaka leo. Nilikuwa posta, nilikuwa sanduku la posta, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Halafu mzee mmoja wa Bangwe akapata barua ya kumpongeza kwamba ameshinda zawadi kwenye nchi ambayo hata ukimpa ramani hawezi kukuonyesha. Nilimsomea mwenyewe, nikacheka, nikadhani naye amecheka. Kumbe alikwenda kuuza injini ya boti yake ili alipie usafiri wa hiyo zawadi. Zawadi haijafika mpaka leo, na mzee akarudi kupiga kasia kwenye umri ambao wenzake wanapiga soga.

Nikaapa. Kwenye mipangilio ya kila barua pepe niliyokuwa na ufunguo wake nikaweka kanuni: barua yoyote yenye neno hongera, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza chake, isifike inboksi, iende moja kwa moja kwenye tupio, lile kapu la barua zilizotupwa, ambalo kila barua ikitimiza siku thelathini linaifuta yenyewe na haipatikani tena. Sikumwambia mteja hata mmoja. Ya nini kumpa presha mtu? Nilijiona nimeuchanja mji. Matapeli wa mtandaoni nadhani waliitisha kikao kuulizana Ujiji kumeingia nini.

Na kanuni hiyo nilimfundisha Edson, mwanafunzi wangu bora, ambaye baadaye alioa, akahamia Mwandiga, akafungua steshenari yake pale karibu na njia panda.

Miaka michache iliyopita, nimeshastaafu lakini kimeza bado kipo, asubuhi ya Ijumaa aliingia dada mmoja, viatu mkononi, sketi imelowa mpaka magotini. Akaniamkia, nikaitikia. Anaitwa Leokadia, mhudumu wa zahanati kule Kagunga, mpakani, ambako simu ikiwa na bahati inakamata mtandao wetu na ikikosa inakukaribisha Burundi. Alikuwa ameteremka boti Kibirizi dakika chache tu zilizopita, akapanda pikipiki moja kwa moja kuja kunitafuta.

Shida yake aliieleza vizuri kuliko wateja wengi wenye digrii. Aliomba nafasi kwenye chuo kimoja cha uuguzi, mara ya tatu hiyo. Miaka miwili ya nyuma hakujibiwa lolote, si ndiyo, si hapana. Safari hii rafiki yake aliye karibu na chuo alipita kwenye ubao wa matangazo, akaliona jina la Leokadia, akampigia kumuuliza mbona hajathibitisha. Chuo kinasema barua na fomu vilitumwa kwa barua pepe wiki kadhaa zilizopita. Fomu irudi leo Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Isiporudi, nafasi inakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba.

Nikamuuliza barua pepe yake alifunguliwa na nani. Akasema Edson wa Mwandiga. Nikamuuliza mbona basi hakwenda kwa Edson, amekuja mpaka huku.

“Babu, huyo wa kwanza kwenye akiba namjua,” akasema. “Ni Anitha, shemeji yake Edson. Anafanya kazi humo humo steshenari.”

Vijana, mwili ulinisisimka. Nilihisi kiganja cha Mama Filomena mgongoni kwangu. Mwenye ufunguo wa barua ni Edson. Barua haionekani. Ikikosekana, anayefaidi ni mdogo wa mke wake. Na barua ya Anitha ya kuambiwa yuko akiba, Leokadia alisikia kwenye boti, ilifika bila tabu, ilifunguliwa kwenye kompyuta ile ile. Nilijaribu kuingia kwa neno la siri la zamani, likakataa. Edson alikuwa amelibadilisha, mwanafunzi mzuri. Nikaomba jipya, ujumbe wa kuthibitisha ukaenda kwenye simu ya Edson. Kila mlango niliougonga, Edson ndiye aliyekuwa ndani. Nilifunga kimeza, nikamwambia Leokadia twende.

Tulifika Mwandiga karibu saa sita mchana. Edson alikuwa anamchapia mtu mkataba wa shamba, Anitha yuko kwenye mashine ya fotokopi, wateja watatu wanasubiri kwenye benchi. Sikuamkia mtu. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya kompyuta nikaweka kiganja. Ilikuwa ya moto. Bila shaka ilikuwa ya moto, ilikuwa inafanya kazi tangu asubuhi, lakini nilitikisa kichwa kama daktari aliyeona kitu kibaya.

“Shikamoo, Mwalimu,” Edson akasema.

“Barua ya huyu dada umeipeleka wapi?”

Akanitazama, akamtazama Leokadia, akauliza barua ipi. Nikamwambia aifungue hiyo barua pepe mbele ya macho yetu, wala asiguse kitu kingine. Akafungua. Inboksi ilikuwa na matangazo ya biashara na ile barua ya chuo ya kusema maombi yamepokelewa. Nikamwambia afungue tupio. Akafungua, na hapo nikaiona, ya nne kutoka juu, chuo cha uuguzi, haijasomwa, na ina siku ishirini na sita. Leokadia alikaa kwenye benchi bila kuangalia kama kuna mtu. Kulikuwa na mtu, akasogea.

Mimi sasa nikapanda jukwaani. Nilisema barua haiwezi kujitupa. Nilisema nimewafundisha watu wengi kazi hii lakini sikuwafundisha wizi. Nikawageukia wateja, nikawauliza kama wanajua ni nani atakayechukua nafasi ya huyu dada fomu isipofika leo. Wateja hawakujua, lakini walikuwa tayari kujifunza.

“Ni mimi,” Anitha akasema kutoka kwenye fotokopi. Hakupandisha sauti. “Mimi ndiye wa kwanza kwenye akiba. Lakini hiyo barua ndiyo naiona leo, kama nyinyi.”

Edson hakubishana. Alibonyeza mipangilio, akashuka mpaka kwenye kanuni, akanigeuzia skrini. Palikuwa na mstari mmoja tu. Ikiwa barua ina neno hongera, itupwe.

Bado sikuelewa, maana mtu anayeshuku huwa anasikia sauti yake tu. Nikamwambia, umeona, umeiweka wewe.

“Nimeiweka mimi,” akasema. Akavuta droo, akatoa daftari la mistari, jalada limekwisha, akalifungua ukurasa wa kwanza akaniwekea mezani. Mwandiko ulikuwa wangu, zile herufi zangu kubwa za masomo ya jioni: KILA BARUA PEPE MPYA, WEKA KANUNI YA HONGERA. USISAHAU. Chini nimepiga mistari miwili, na chini ya mistari nimesaini. Tangu nifaulu nilikuwa nasaini kila kitu.

Ndipo nikaisoma barua yenyewe, sentensi yake ya kwanza: hongera, umechaguliwa kujiunga. Na barua ya Anitha je? Ile iliyofika bila tabu? Ilianza na tunasikitika. Haikuwa na neno langu, kwa hiyo ilipita.

“Mwalimu,” Edson akasema, “saa sita na nusu. Tugombane au tutume fomu?”

Sasa nyinyi mnaotaka ujuzi, shikeni kalamu, maana saa tatu zilizofuata zilikuwa darasa. Kwanza niliifuta ile kanuni kwa mkono wangu, kwa sababu chuo kikijibu kwa kupongeza, jibu nalo lingeliwa. Halafu tukaprinti fomu. Leokadia akajaza, akaharibu ya kwanza, tukaprinti ya pili. Vyeti alikuwa navyo kwenye mfuko wa nailoni, vimefungwa mara tatu kwa ajili ya maji ya ziwa, vikavu kuliko yeye. Vikabaki vya kuskani, na mashine ya kuskani hakuna aliyeijua tabia zake kama Anitha.

Anitha alivipanga kimoja kimoja. Mimi nikasimama karibu yake. Pamoja na aibu yangu yote ile, niliyoipata mbele ya watu, bado nilikuwa namtazama mikono.

“Mzee, kaa,” akaniambia bila kugeuka. “Ningetaka kuiharibu nisingesubiri uje unitazame.”

Nikakaa.

Tukatuma, ikakataa. Viambatisho vilikuwa vizito, kila cheti kimeskaniwa kwa rangi zote kama picha ya harusi. Hapo nilikuwa na la kusema: skani upya, nyeusi na nyeupe, ubora wa wastani, kurasa zote ziwe faili moja, na faili liitwe jina la mwombaji na namba yake, si lile jina la mashine lenye tarakimu kumi ambalo karani wa chuo atalichanganya na la mtu mwingine. Tukatuma tena, ikarudi, anwani haipo. Edson alikuwa ameiandika kwa kuitazama, akaruka herufi moja. Anwani haiandikwi, vijana, inanakiliwa kutoka kwenye barua yenyewe. Ya tatu ilianza kwenda, na ilipofika katikati mtandao ukakata. Tukaunganisha simu ya Edson, ikakaa inazunguka, inazunguka, wale wateja watatu wamesimama nyuma yetu na mkataba wa shamba hakuna anayeukumbuka. Saa tisa na robo ikaandika imetumwa.

Hatukuondoka mtu. Haitoshi kuandikwa imetumwa. Mpaka wa upande wa pili aseme ameipata. Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili jibu likaingia, kwenye inboksi, mahali pake. Wamepokea fomu, nafasi imethibitishwa, tarehe ya kuripoti ni hii. Mwenye mkataba akapiga makofi. Anitha alilisoma jibu mpaka mwisho, akaenda kuzima fotokopi ambayo hakuna aliyemwambia aizime.

Nilikuwa nimeshaanza kujisikia mtu tena. Nilikuwa natafuta hata maneno ya kuifanya hadithi, unajua, ya kusimulia Ujiji. Leokadia akaniuliza, taratibu sana:

“Babu, waliokosa wanaandikiwa?”

Nikamwambia ndiyo, kama alivyoandikiwa Anitha.

“Na mimi mwaka jana sikuandikiwa. Na mwaka juzi.”

Nilimtazama Edson na yeye alikuwa anatazama kibodi. Barua pepe ilikuwa ile ile, kanuni ile ile. Wanaosikitikiwa barua zao zilipita zote, miaka yote, hata moja haikupotea. Za waliochaguliwa ndizo zilikwenda kwenye tupio, zikakaa siku thelathini, zikafutika. Ya mwaka jana isingeonekana tena hata tungeifungua ile kompyuta skrubu kwa skrubu.

“Hatuwezi kujua,” Edson akamjibu, na ilikuwa kweli. Huenda miaka hiyo chuo hakikumjibu kabisa. Vyuo navyo vina uvivu wake. Lakini mimi, bingwa wa kushuku, hapo sikupata mtu mwingine wa kumshuku.

Nikamwomba radhi. Si kwa habari za vumbi; nilimwambia kanuni ni yangu, nimeiweka bila kumuuliza mtu, na kama miaka yake miwili imepotea, imepotea mkononi kwangu. Nikamgeukia Edson nikamwomba radhi mbele ya wateja wale wale, na Anitha naye. Anitha akasema, “Sawa, mzee,” kwa namna ambayo haikuwa sawa, na hakuwa na deni la kuniambia zaidi. Nafasi mwaka ule hakupata.

Wiki zilizofuata mimi na Edson tulichukua madaftari yetu ya wateja, la Mwandiga na la Ujiji, tukaanza kupiga simu mmoja mmoja. Wengine namba hazipo tena, wengine wamehama, wengine wamekufa. Tuliowapata tulifuta kanuni, tukafungua matupio, na mle tulikuta za matapeli nyingi kuliko dagaa wa usiku wa kiza kizuri, sikukosea yote. Lakini tulikuta na usaili wa kazi uliopita siku tisa nyuma. Tulikuta barua ya mtu kumpongeza kaka yake kwa kupata mtoto, na kaka alikuwa ameacha kusema naye akidhani amemdharau. Hizo ni za siku thelathini. Za nyuma ya hapo sizijui. Mpaka leo nikipishana na mtu sokoni Mwanga au Ujiji ambaye niliwahi kumfungulia barua pepe, naye anauza nyanya na nakumbuka alikuwa anaomba ualimu, namsalimia na kupita. Watu wengi walikuwa wananiambia, “Mzee Shabani, sikujibiwa, Mungu hakupanga.” Na mimi nilikuwa naitikia amina.

Kwa hiyo ushuku wenu uwe na mipaka. Mteja akiwa na barua ya kitapeli, mwonyesheni, mwambieni kwa nini ni ya kitapeli, hata kama itawachukua asubuhi nzima, hata kama atawabishia. Msimfichie. Na msishike ufunguo wa mtu.

Hilo la ufunguo sikulitunga mimi. Ni Leokadia, jioni ile ile. Boti ya kurudi Kagunga ilishaondoka, atalala kwa shangazi yake, hakuwa na haraka tena. Alisimama mbele ya kompyuta akamwambia Edson anataka neno la siri jipya, aliweke mwenyewe, na namba ya simu iwe yake. Edson akafungua pale panapobadilishwa, akavuta kiti aanze kuandika.

“Hapana,” Leokadia akasema. “Geukeni ukutani.”

Edson akanitazama. Mimi nikauliza kama ni sote.

“Wewe na yeye.”

Anitha naye alikuwa ameanza kugeuka. Leokadia akamshika mkono. “Wewe baki, unionyeshe.”

Basi tukageuka, mwalimu na mwanafunzi wake, mbele ya wateja waliokuwa wanajizuia kucheka. Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la vipuri yenye picha ya ng’ombe wa maziwa. Nyuma yetu kibodi ilikuwa inalia kidole kimoja, inanyamaza, inalia tena, na wanawake wawili wananong’ona. Nilitaka kumkumbusha achanganye herufi na namba. Nikafunga mdomo, nikaendelea kumtazama ng’ombe.